Verboden, mag niet, geen au niet toegestaan: lipi utumie kukataza kwa Kiholanzi?

Anayezungumza Kiswahili haji mikono mitupu kwenye somo hili. Kibao cha stendi ya mabasi kinaweza kusema *Ni marufuku kutupa taka*, au *Hairuhusiwi kutupa taka*, au *Usitupe taka*, au kwa lugha ya mtaani *Hakuna kutupa taka hapa*, na kila msomaji anajua ni katazo lilelile limebadilisha nguo tu. Kiholanzi nacho kina nguo nne kuu, na zinakaribiana na zetu kwa namna inayosaidia sana: *verboden* iko upande wa marufuku, *niet toegestaan* upande wa hairuhusiwi, *niet* pamoja na kitenzi upande wa usi-, na *geen* upande wa hakuna. Juu ya hizo kuna *mag niet*, inayobeba kazi nyingi zaidi ya hizo zote midomoni mwa watu.

Wanafunzi wengi hushika *verboden* kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye vibao, kisha wanaipeleka kila mahali: kwa jirani, kwa mtoto, kwa mteja. Neno ni sahihi lakini mahali si pake. Na kosa la upande wa pili ni baya zaidi: wanasikia maneno laini kama *dat is niet de bedoeling*, haikukusudiwa hivyo, wanadhani ni ushauri, kumbe wamekatazwa. Kwa hiyo ulinganisho huu hautazami neno lipi ni kali na lipi ni laini. Unatazama nani anasema na nani: sheria, kibao, au mtu aliye mbele yako.

Mag niet: anza na hili

Kama unajifunza umbo moja tu wiki hii, liwe hili. Linatoka kwenye kitenzi *mogen*, kuruhusiwa. Umoja wote ni *mag* (ik mag, jij mag, hij mag, u mag), wingi wote ni *mogen*, na wakati uliopita ni *mocht* na *mochten*. Hakuna viambishi vingine vya kukariri.

*Je mag hier niet parkeren.* Huruhusiwi kuegesha hapa. Kitenzi kikuu kinakwenda mwisho kabisa, na *niet* inakaa karibu nacho, baada ya mahali. Anayefikiri kwa Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni, kama tunavyoanza na *hu-* au *ha-*, akasema *je niet mag hier parkeren*. Ataeleweka, ila sentensi imevunjika. Kanuni ya kushika: *mag* nafasi ya pili, *niet* karibu na mwisho, kitenzi mwisho. Ukianza na mahali, mtendaji anaruka upande wa pili wa *mag*: *Hier mag je niet parkeren.*

Pale unapokataza kitu kwa jumla, bila *de*, *het* au neno jingine la kukibainisha mbele yake, *niet* inaondoka na *geen* inaingia: *Je mag hier geen alcohol drinken*, huruhusiwi kunywa pombe hapa. Ukisema *je mag hier niet alcohol drinken* utasikika mara moja kuwa mgeni.

Mara nyingi Waholanzi huacha kitenzi cha mwisho kabisa pale ambapo mwendo unaeleweka. *Honden mogen niet naar binnen*: mbwa hawaruhusiwi kuingia, na neno la kuingia halipo. *Je mag er niet in.* Huruhusiwi humo. Usitafute kitenzi kilichopotea, hakikupotea.

Maneno mawili madogo hubadilisha maana kwa kiasi kikubwa, na Kiswahili kina mwenzake wa kila moja. *Nog niet* ni bado: *U mag nog niet opstaan*, bado hujaruhusiwa kusimama, lakini muda utafika. *Niet meer* ni la kutorudi: *U mag na middernacht niet meer eten*, baada ya saa sita usiku huruhusiwi kula tena. Ukiyachanganya haya hospitalini, unaweza kuamka kitandani kabla ya wakati au kula usiku wa kuamkia upasuaji.

Matamshi: *g* ya mwisho wa *mag* ni *kh* kama ya Khamis, ikikwaruza kooni. Aliyezoea kutamka *ghali* na *magharibi* vizuri tayari ana koo la kazi hii. Anachotakiwa ni kuondoa mvumo wa sauti. Ukienda kusini, Brabant na Limburg, na ukivuka mpaka kuingia Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, sauti hiyo inakuwa nyororo na inasogea mbele mdomoni. *Niet* ni *nit*, na *geen* ni *kheen* yenye *e* ndefu.

Kuhusu heshima: sisi tunaiweka kwenye shikamoo na kwenye jina la kuita, mama, mzee, bwana. Kiholanzi kinaiweka kwenye kiwakilishi. Kwa mtu usiyemjua, mteja, au mtu mzima kuliko wewe, sema *u mag hier niet*. Kwa rika na watoto, *je mag hier niet*. Kama hutaki kumlenga mtu kabisa, iko njia isiyotaja mtendaji: *Er mag hier niet gerookt worden*, hapa hakuvutwi sigara. Kwa muuza duka au mlinzi wa ukumbi, hii ndiyo bora, maana inakataza bila kumnyooshea mtu kidole.

Verboden: ya kibao na ya sheria

Mkazo uko silabi ya pili, ver-BO-den, na *n* ya mwisho mara nyingi haisikiki. Kwenye vibao utaikuta kwa mipangilio miwili, na tofauti yake ni ya sarufi tu: *Verboden te roken* na *Roken verboden*, marufuku kuvuta sigara. Ikitangulia *verboden*, kitenzi kinadai *te*. Kikitangulia kitenzi, *te* haipo. *Verboden roken* na *Te roken verboden* ni makosa yanayoonekana kwenye karatasi za kubandika zilizoandikwa kwa haraka.

Ugumu wa kweli uko kwenye vitenzi vinavyogawanyika. *Inrijden*, kuingia na gari, huipokea *te* katikati: *Verboden in te rijden*. *Oversteken*, kuvuka: *Verboden over te steken*. *Aanplakken*, kubandika matangazo: *Verboden aan te plakken*. Ukiandika *te inrijden* umekosea. Mtihani wa kujua kitenzi kinachogawanyika ni kukisikiliza: mkazo ukiangukia kipande cha mbele (IN-rijden), kinagawanyika. Mkazo ukiangukia kipande kinachofuata, kama ver-BIE-den, hakigawanyiki.

Kibao utakachokutana nacho mara nyingi kuliko vyote ni *Verboden toegang*, hakuna ruhusa kuingia, na chini yake *Art. 461 Wetboek van Strafrecht*. Hiyo nambari si pambo. Kifungu cha 461 cha sheria ya jinai ya Uholanzi kinamtoza faini mtu anayekuwa kwenye ardhi ya mwenzake bila haki, pale ambapo mwenye ardhi ameonyesha wazi kwamba hairuhusiwi kuingia. Kinataja hata kuachia mifugo kutembea humo. Maneno yenye uzito ni *kuonyesha wazi*: kibao ndicho kinachofanya kazi hiyo. Ukikiona, usikichukulie kama kisukuma-wageni cha mwenye shamba.

*Verboden toegang voor onbevoegden* inawalenga wasiohusika, wasio na kibali. Ukifanya kazi humo na una kitambulisho, wewe si *onbevoegde*, na kibao hakikuhusu.

Sheria yenyewe hupenda kuanza sentensi na *Het is verboden*. Kifungu cha 5 cha sheria ya barabara ya mwaka 1994 kinaanza *Het is een ieder verboden*, ni marufuku kwa kila mtu, kuwa na mwenendo unaoleta hatari barabarani. Kanuni za manispaa, zinazoitwa *APV*, nazo zimejaa sentensi hizo, nyingi zikiwa na kipande *zonder vergunning*, bila kibali. Hapo soma taratibu: *Het is verboden zonder vergunning een evenement te organiseren* haisemi kwamba sherehe ni marufuku. Inasema kafuate kibali kwanza. Katazo lenye *zonder* ni mlango uliofungwa na ufunguo umetundikwa pembeni.

Kitenzi chake ni *verbieden*, wakati uliopita *verbood*. Tahajia ina mtego: *ik verbied*, lakini *hij verbiedt* kwa *dt*, na zote mbili hutamkwa *verbit*. Nomino ni *het verbod*, na hiyo huzaa maneno kama uyoga baada ya mvua: *rookverbod*, *parkeerverbod*, *inhaalverbod* (marufuku kuyapita magari mengine), *winkelverbod* (mtu kufungiwa duka fulani), *huisverbod*. Hili la mwisho lifahamike vizuri. Tangu mwaka 2009 meya wa Uholanzi anaweza kumwamuru mtu anayetishia usalama wa wenzake nyumbani aondoke kwa siku 10, na muda huo unaweza kurefushwa hadi wiki 4. Ni amri kamili ya serikali, na kurudi nyumbani kuchukua nguo bila ruhusa ni kuivunja.

Kwa nini basi usilitumie mdomoni? Kwa sababu ukimwambia jirani *Het is verboden hier te parkeren*, umevaa sare ya askari wa maegesho. Atasikia vitisho. *U mag hier niet parkeren* inasema jambo lilelile na inamwachia nafasi ya kujibu. Mdomoni *verboden* inafaa pale unapotaja sheria yenyewe: *Het is verboden om op de fiets je telefoon vast te houden.* Hilo ni kweli kwa waendesha baiskeli tangu Julai 2019, na utakuwa umemsaidia mwenzako kukwepa faini.

Niet toegestaan: laini kwa sauti, si kwa nguvu

Wengi wanaiona *niet toegestaan* kama *verboden* iliyopunguzwa makali. Kanusho lake liko kwenye Katiba ya Uholanzi, kifungu cha kwanza kabisa: ubaguzi kwa misingi ya dini, rangi, jinsia na mengine yaliyotajwa *is niet toegestaan*. Hakuna katazo zito kuliko hilo nchini humo, nalo limeandikwa kwa maneno haya.

Makao yake ni karatasi: mikataba, masharti, kanuni za nyumba, barua za ofisi. Ukikodi chumba, kwenye mkataba utasoma *Het is huurder niet toegestaan* ikifuatwa na orodha, na mara nyingi kitu cha kwanza ni *onder te verhuren*, kumpangishia mtu mwingine. Tazama tena *te* ilivyojipenyeza katikati ya *onderverhuren*. Baada ya hapo angalia kama kuna *zonder schriftelijke toestemming*, bila ridhaa ya maandishi. Ikiwapo, unaweza kuomba. Ikikosekana, mlango huo umefungwa.

Unapoandika wewe, chagua hili kwa tangazo la taasisi: *Huisdieren niet toegestaan*, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi. Lina heshima, halimtishi mtu, na halina utata.

Ndugu yake wa barua za shule ni *ongeoorloofd*, bila ruhusa, kama kwenye *ongeoorloofd verzuim*. Mzazi anayempeleka mtoto Mombasa wiki moja kabla ya likizo kuanza hukutana nalo. Linasikika kama maneno ya kiofisi tu, lakini nyuma yake iko sheria ya elimu ya lazima, inayomfunga mtoto tangu miaka 5, na afisa wa kufuatilia mahudhurio mwenye uwezo wa kufikisha suala kwenye faini. Ombi la ruhusa linakwenda kwa mkuu wa shule kabla ya safari.

Niet na geen kwenye vibao vifupi

Hapa ndipo penye wepesi wa *usi-* na *hakuna*. Kitendo hukataliwa kwa *niet* na kitenzi katika umbo lake la kamusi: *Niet roken*, *Niet aanraken* (usiguse), *Niet rennen* (usikimbie, ukutani mwa bwawa la kuogelea), *Niet instappen* (usipande, kwenye ubao wa kituo cha treni wakati treni iliyosimama haichukui abiria). Vitenzi vinavyogawanyika havigawanyiki hapa, na hiyo ni raha yake.

Kitu hukataliwa kwa *geen*: *Geen toegang*, *Geen drinkwater*, *Geen honden*. La maji lisikupite. *Geen drinkwater* haimaanishi kwamba maji yamekwisha. Maana yake ni kwamba maji yanayotoka bombani hapo si ya kunywa.

Mdomoni umbo la *niet* lina kazi moja kubwa: dharura na watoto. *Niet doen!* ni acha! *Niet aankomen!* ni usiguse!, na ndilo la jikoni, wakati *niet aanraken* ni la makumbusho. *Afblijven!* ni toa mkono! Kwa mtu mzima usiyemjua yote matatu ni utovu wa adabu, isipokuwa jiko linawaka.

Kilichobaki ni *te*, inayowasumbua wanafunzi kuliko *niet* yenyewe. Hii hapa kwa pamoja:

| Umbo | Inataka *te*? | Mfano |
|---|---|---|
| mag niet | hapana | Je mag hier niet roken |
| niet + kitenzi | hapana | Niet roken |
| kitenzi + verboden | hapana | Roken verboden |
| verboden + kitenzi | ndiyo | Verboden te roken |
| het is niet toegestaan | ndiyo | Het is niet toegestaan hier te roken |
| gelieve niet | ndiyo | Gelieve niet te roken |
| hoeft niet | ndiyo | Je hoeft niet te roken |

Mstari wa mwisho umewekwa humo makusudi, kwa sababu haukatazi chochote. Umewekwa kwa kuwa ndio unaowaangusha wengi.

Hoeft niet na moet niet: mtego mkubwa kuliko yote

Kiswahili kina neno *hutakiwi*. Kwa umbo lake maana ni kwamba haihitajiki ufanye. Lakini mlinzi akikuambia *hutakiwi kuingia humu*, huelewi kwamba ni hiari yako. Unaelewa kwamba umezuiwa. Sasa mtu anayetafsiri *hutakiwi kuingia* neno kwa neno anapata *je hoeft niet naar binnen te gaan*, na Mholanzi anasikia: si lazima uingie, lakini ukitaka karibu. Katazo limegeuka hiari.

Basi tenganisha hivi. *Si lazima* ni *hoeft niet te*. *Huruhusiwi* ni *mag niet*. *Hupaswi, si vizuri ufanye* ni *je moet niet* au *je hoort niet te*. Ukiwa na wasiwasi kuhusu *hutakiwi*, jiulize kama mtu akifanya atafukuzwa. Kama atafukuzwa, tumia *mag niet*.

Hadi hapo ni Uholanzi. Ukivuka kwenda Antwerpen au Gent, mambo yanageuka, na Waswahili wengi wa Ubelgiji, hasa waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, wanaishi ndani ya tofauti hii. Mfleming akisema *Je moet niet komen*, kwa kawaida anamaanisha si lazima uje. Mholanzi wa Utrecht akisikia hiyohiyo anaelewa: afadhali usije.

Tazama jambo hilo kwenye kipimo cha damu. Neno *nuchter* hapo ni mtu aliye na tumbo tupu, hajala wala kunywa. Mhudumu wa Uholanzi atasema *U hoeft niet nuchter te zijn*: unaweza kula kabla ya kuja. Wa Flanders anaweza kusema *U moet niet nuchter zijn*, na anamaanisha hilohilo. Aliyejifunza Kiholanzi cha vitabu vya Uholanzi anabaki akijiuliza kama amekatazwa kuja na njaa. Dawa ni kurudisha swali kwa *mag*, kwa sababu *mag* haina utata pande zote mbili: *Mag ik dus eten?* Kwa hiyo naruhusiwa kula? Jibu litakuwa *ja* au *nee*.

Makatazo yasiyo na niet wala verboden

Haya hayafundishwi mapema, na ndiyo yanayogharimu pesa.

*Uitsluitend voor vergunninghouders*, kwa wenye vibali pekee: kwa wengine wote ni marufuku kuegesha. *Alleen voor personeel* kwenye mlango: wewe mteja usiingie. *Alleen pinnen* kwenye kaunta: kadi tu, hawapokei noti. Neno *alleen* au *uitsluitend* likiwapo, tafuta kama umo kwenye kundi lililotajwa. Kama humo, umekatazwa.

*Uitrit vrijlaten*: acha njia ya kutokea wazi, yaani usiegeshe mbele ya lango hili. *Rookvrij* na ndugu zake wa *-vrij* ni marufuku yaliyovaa nguo ya sifa: *rookvrij terrein* ni eneo ambalo hakuvutwi sigara, na majukwaa ya treni Uholanzi yako hivyo tangu 2020. *Fout geplaatste fietsen worden verwijderd* inasema baiskeli zilizowekwa vibaya zinaondolewa. Haikuambii usiweke, inakuambia kitakachotokea: utaitafuta kwenye bohari la manispaa, na utalipa kuitoa.

Mdomoni kuna *Het is niet de bedoeling dat u hier zit*. Kwa maneno ni kwamba haikukusudiwa ukae hapa. Kwa maana ni ondoka. Vivyo hivyo *Dat heb ik liever niet*, ningependa isiwe hivyo: bosi akisema hivi ombi limekataliwa, na kuomba tena kesho kutwa kutaonekana ukaidi. *Dat kan echt niet* ni kali kuliko zote hizo. Ni ile *haiwezekani!* yetu ya mtu aliyekasirika, si ya fundi anayesema kifaa hakipo. Na *Dat doe je niet* ni ya malezi: watu hawafanyi hivyo, si adabu. Hakuna sheria nyuma yake, na kuitafsiri kwa *verboden* kungeifanya jambo la polisi. Mambo ya mwiko na aibu yaende kwa *dat hoort niet*.

Kati ya *verboden* na *toegestaan* Uholanzi ina hali ya tatu, *gedoogd*, kuvumiliwa. Mfano unaojulikana ni bangi: kuuza bado ni kinyume cha sheria, lakini *coffeeshop* inayofuata masharti, mojawapo likiwa kutomuuzia mtu zaidi ya gramu 5 kwa siku, haishitakiwi. Ukimwuliza mtu *Mag dat?* akajibu *Het wordt gedoogd*, hajasema ndiyo. Amesema masharti yakivunjwa uvumilivu unakwisha.

Uholanzi au Flanders: uchague msamiati upi?

Fuata unakoishi, maana tofauti ni chache lakini zinaonekana. Kwenye mlango wa duka la Flanders utasoma *Honden niet toegelaten*. Uholanzi ni *niet toegestaan*, na huko *toegelaten* hutumika zaidi kwa mtu aliyekubaliwa chuoni. Kutupa taka ovyo ni *sluikstorten* Flanders. Uholanzi kibao husema *Verboden afval te storten*. *Gelieve niet te* iko hai Flanders, na Uholanzi inasikika ya kizamani; huko tumia *Wilt u hier a.u.b. geen*, ambapo *a.u.b.* ni kifupi cha *alstublieft*, tafadhali. Barabarani, njia iliyofungwa isipokuwa kwa wakazi na wanaokwenda humo huandikwa *uitgezonderd plaatselijk verkeer* Ubelgiji na *uitgezonderd bestemmingsverkeer* Uholanzi. Neno *uitgezonderd*, isipokuwa, ni la kukariri kwa dereva yeyote, kwa sababu chini ya katazo ndilo linaloamua kama linakuhusu. Brussels vibao ni vya Kifaransa na Kiholanzi pamoja, na Mkongomani anayesoma *Accès interdit* ana kamusi ya bure ukutani: mstari wa pili ni *Verboden toegang*.

Anayejiandaa kwa mtihani wa msingi wa Kiholanzi unaofanyiwa ubalozini kabla ya kuhamia Uholanzi, kiwango cha A1 (ngazi ya kwanza ya lugha), ajue *mag niet*, *verboden te* na *geen*. *Hoeft niet te* na mambo ya *niet de bedoeling* yasubiri ngazi inayofuata, ila yasisubiri sana kwa anayekwenda kazini.

Ukiandika kibao chako mwenyewe

Tuseme mna ukumbi wa kukodi wa jumuiya mjini Rotterdam. Mlango wa jikoni: *Alleen voor medewerkers* inatosha, *Verboden toegang* ingeufanya kama chumba cha umeme. Sehemu ya mitungi ya gesi ni kinyume chake: weka alama rasmi yenye *Vuur, open vlam en roken verboden*, na usiongeze *a.u.b.*, kwa sababu kwa moto hakuna tafadhali. Ukumbini: *Hier niet roken* kwa herufi kubwa.

Kwa baiskeli zinazoziba mlango, usianze na *Verboden fietsen te plaatsen*. Karatasi ya mwenye nyumba si alama ya barabarani, na wapita njia wanalijua hilo. Kinachofanya kazi ni ombi lenye sababu, na Kiholanzi kina kifupisho chake, *i.v.m.* (*in verband met*), kwa ajili ya: *I.v.m. rolstoelgebruikers hier geen fietsen plaatsen a.u.b.* Kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu, tafadhali msiweke baiskeli hapa. Ibandike usawa wa macho, pale hasa baiskeli zinapoegemezwa, si juu ya kengele ya mlango.